Pete ya Zambarau

Shilingi aliitupa mimba yake ikiwa ya miezi saba,
usiku wa mvua ya mawe, Kimilili nzima haina umeme.
Ndama alikwisha kuota kope.
Kwato zake, laini kama sabuni iliyolowa.
Kondo ya nyuma ikakataa kushuka;
nikakunja mikono ya sweta, nikaivuta
kwa vidole hivi, vitupu, vyenye mikwaruzo ya kuni.
Mbwa alikula kilichobaki. Sikumfukuza.

Mama mkwe akasema ni jicho la mtu.
Shemeji akasema ni majani ya viazi.
Mimi nikasema ni bahati mbaya,
na bahati mbaya haina dawa, nikalala.

Machi akafuata Jioni, ng'ombe wetu mweusi.
Mei, mtamba, mimba yake ya kwanza.
Tatu si bahati tena. Tatu ni barua,
na sisi hatukujua kuisoma.

Ndani ya nyumba kulikuwa na barua nyingine.
Wafubwa alilowesha shuka kila alfajiri;
homa inakuja, inaaga, inarudi kama mdai.
Zahanati walimpa dawa ya malaria mara tatu,
na mara tatu kipimo kilikana malaria.
Nani angeuliza habari za ng'ombe
kwa mtu anayeumwa magoti?

Daktari Chemtai aliuliza.
Alifika kwa pikipiki iliyojaa tope hadi kwenye taa,
akavaa glavu za kufika begani.
"Nani aliwazalisha?"
Nikanyoosha mikono.
"Na maziwa, mnachemsha?"
Nikamtazama Wafubwa,
mpenda kikombe cha kwanza, joto la kiwele,
povu kwenye masharubu.
Daktari hakutukaripia. Aliandika tu,
na ule ukimya wa kalamu ulikuwa mbaya zaidi.

Maziwa kidogo kwenye kichupa, tone la rangi ya zambarau,
kichupa ndani ya maji ya vuguvugu.
Saa nzima tuliambua maharagwe bila kuyaona.
Ng'ombe akiwa mzima, rangi hubaki chini, malai huwa meupe.
Ya Shilingi ilipanda.
Ikajifunga juu kama pete,
na chini yake maziwa meupe, kama hayajui lolote.
Nikatazama kidole changu. Sikusema neno.

Damu ikaenda maabara, ikarudi na jina: brusela.
Shilingi anao. Jioni anao. Mtamba, anao.
"Sindano haitawaponya," akasema daktari.
"Wachinjwe, mkaguzi akiwa pale."

Dalali akatangulia kufika. Habari hutembea bila viatu.
Akampapasa Shilingi mgongo, akacheka.
"Amenona. Hana hata alama.
Siku ya soko, pale Chwele, nani atajua?"
Elfu sitini na tano, zimekunjwa, zina harufu ya tumbaku.

Nikaikumbuka kamba mpya ya buluu
tuliyopewa naye hapo hapo Chwele, mwaka juzi,
na yule bwana mpole aliyesema amezaa mara mbili salama
huku akitazama viatu vyake.

Ndipo nilipojua alivyotufikia.
Ndipo nilipomwona mwanamke nisiyemjua,
mahali fulani, usiku wa mvua,
akikunja mikono ya sweta.

Nilikataa. Msiniite shujaa;
nililizwa na pesa zile kuliko nilivyolizwa na ndama.

Nyuma ya migomba sasa kuna shimo la chokaa,
refu, mbwa hafiki.
Ndama wawili wa kike wamechanjwa,
na wanatikisa masikio kana kwamba tumewatukana.
Wafubwa yuko wiki ya nne ya vidonge, kati ya sita.
Ananung'unika kwamba maziwa yana ladha ya sufuria.

Mwache anung'unike.
Mimi nasimama mekoni hadi yafure, yapande,
hata kama kuni ni mbichi na macho yanawasha.
Malai yanakuja juu, meupe, meupe tu,
na bado nachungulia ukingoni.